Hajabemendwa: shajara ya wiki 14 za kujitolea, Tanga

Wiki ya 1

Tumeanza watu saba: fundi baiskeli wa Ngamiani, mwalimu wa chekechea, madada wawili wanaouza maandazi na mbaazi asubuhi, maalim wa madrasa moja ya Mwahako, mama mmoja mwenye mtoto wa miaka sita mwenye utindio wa ubongo, na mimi niliyepewa daftari kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Ofisi hatuna. Tunakutana kibarazani kwa fundi, baiskeli zimepinduliwa magurudumu juu, na mkutano husimama kila anapokuja mteja wa kuzibiwa pancha.

Kazi yenyewe ni kuwasaidia wazazi wa watoto wadogo kutambua mapema mtoto anapochelewa: shingo haikazi, hakai, haitikii akiitwa, hasemi. Serikali ina programu yake ya mambo haya, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Kifupi chake ni PJT-MMMAM. Muuza maandazi alijaribu kukitamka mara tatu, akasema yeye atasema "ile ya malezi", na sote tukamfuata.

Sisi si WAJA. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wana mafunzo yao na wanatambulika. Sisi tunawafuata nyuma tu. Lakini mtaani wameshatubandika jina hilo, na mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa hakuiacha nafasi impite. "WAJA? Waja leo, waondoka leo?" Kijiwe kizima kikacheka. Msemo wa mji wetu wenyewe, na umetupata pabaya: wameshaona miradi ya fulana na kofia hapa. Nimeuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Wiki ya 2

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amekubali kutufundisha mchana mara mbili bila malipo. Nimejaza kurasa kumi na moja. Machache niliyoyawekea mstari:

Utindio wa ubongo ni madhara ya ubongo ambao bado unakua. Chanzo kinaweza kutokea mtoto yuko tumboni, wakati wa kuzaliwa (mtoto aliyechoka, hakulia), au baada ya hapo, kama manjano makali yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Hauambukizi. Dawa ya kuuondoa haipo, ila mazoezi, mkao mzuri na ulishaji mzuri hubadilisha sana maisha ya mtoto, na mapema ni bora.

Mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa, ni habari nyingine kabisa. Huo hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, njia ya daktari Ignacio Ponseti, halafu viatu maalumu vyenye chuma katikati ambavyo mtoto huendelea kuvivaa usiku kwa miaka. Akiletwa angali mchanga, atacheza mpira na wenzake. Fundi baiskeli alisikiliza hapa kuliko mahali pengine popote, akataka kujua chuma cha viatu kina upana gani.

Mgongo wazi: uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo za mimba, wakati wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba. Kwa hiyo vidonge vya foliki asidi vinavyoanzwa siku ya kwanza ya kliniki vina faida zake, lakini kwa jambo hili vimechelewa. Madada wa maandazi walitazamana. "Sasa mbona hatuambiwi tukiwa bado wasichana?"

Wiki ya 3

Baraza la kwanza, na tumeliharibu.

Tulibandika karatasi kubwa ukutani yenye orodha: utindio wa ubongo, usonji, kichwa kikubwa, mgongo wazi, ulemavu wa akili, uziwi. Akina mama kama ishirini wamekaa mkekani, watoto mapajani. Mwalimu wa chekechea akaanza kusoma kutoka juu kwenda chini kwa sauti ya darasani. Alipofika la tatu, mama mmoja mwenye mimba akainuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Aliyefuata alisema kabla ya kutoka: "Mnatutabiria?"

Waliobaki walibaki kwa heshima ya mwenye nyumba. Maswali hayakuwapo. Tulikunywa chai yetu kimyakimya.

Jioni maalim alisema jambo ambalo tulipaswa kulijua sisi wenyewe: hakuna anayekwenda kwenye shughuli ya watoto akatajiwa majina ya balaa. Mtoto mchanga pwani hasifiwi hata uzuri wake hadharani, watu wanaogopa kijicho, seuze kutajiwa ulemavu mbele yake.

Wiki ya 4

Hii ndiyo wiki ninayotaka isomwe hata kama zingine zitarukwa.

Tulipelekwa na balozi kwenye nyumba moja ya uani. Wageni tulikuwa wawili, mimi na yule mama mwenye mtoto wa miaka sita. Bibi mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba wajukuu zangu. Piteni, kaeni hapo kivulini."

Mtoto wa kiume wa miaka miwili na ushei alikuwa amelala chali juu ya mkeka. Akifurahi, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi. Bibi hakusubiri tuulize. Alisema huku mkono haujaacha kukuna: "Huyu kabemendwa." Kisha akaelekeza kidevu upande wa jikoni, alikokuwa mkwewe anakoroga mchuzi. Jikoni hakuna mlango, ni pazia tu. Kila neno linafika.

Kwa wasio wa pwani: inasemekana mama anyonyeshaye, au mumewe, akitoka nje ya ndoa, au wakirudiana mapema, au mama akibeba mimba nyingine juu ya ziwa, mtoto hudhoofu, viungo hulegea, hatembei. Hapo mtoto amebemendwa. Silidharau neno hili. Nadhani wazee walikuwa wanalilinda ziwa la mtoto, maana anayeachishwa mapema kwa sababu ya mimba nyingine kweli hudhoofu. Lakini tazama linavyofanya kazi likishakuwa mdomoni mwa watu. Kumpeleka mtoto zahanati kusema hatembei kunakuwa ni sawa na kwenda kukiri zinaa mbele ya foleni. Nani atakwenda?

Mwenzangu hakubishana na bibi. Alimnyanyua mtoto, akampakata kwa kumkunja magoti kidogo kama tulivyofundishwa, miguu ikalegea. Bibi akaacha kukuna.

"Bibi, siku alipozaliwa ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alilia?"

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema taratibu: "Hakulia. Walimkimbiza pembeni, wakamfunika, wakamsugua. Kulia kalia baadaye sana."

"Basi bibi yangu, yawezekana haya yalimpata siku ile ile, mama yake hajarudi hata nyumbani."

Pazia likasogea. Yule mkwe alitoka na upawa mkononi, akasimama hapo, mchuzi unadondoka chini. Hakusema kitu. Bibi alimtazama, akamwambia, "Njoo ukae, mwanangu." Nilimsikia akimwita mwanangu, kabla ya hapo alikuwa "huyo".

Nilirudi nimevimba kichwa. Siku mbili baadaye mtaalamu wetu alinitoboa. Akasema: nyinyi si madaktari, hamkuwa na haki ya kutamka chanzo, hata kwa "yawezekana". Watoto wengi wenye utindio walilia vizuri tu, na wengi ambao hawakulia hawana shida yoyote. Mkienda hivyo mtamwondolea mama lawama mkambebesha mkunga. Ana haki. Tangu sasa tunasema moja tu: kutoka nje ya ndoa hakufanyi hivi, mimba nyingine juu ya ziwa haifanyi hivi, chanzo tukakiulize hospitali. Hata hivyo, mama na mtoto wamekwenda hospitali ya Bombo, na bibi ndiye aliyembeba.

Wiki ya 5

Karatasi ya orodha tumeitupa. Badala yake tumekubaliana mafungu manne tu ya maswali, na kila moja tumelifunga kwenye siku ya chanjo ambayo mama tayari anaijua kwa kichwa.

Chanjo ya wiki 6: ukimchekea, anakuchekea?

Chanjo ya wiki 14: ukimlaza kifudifudi anainua kichwa? Shingo inakaza?

Surua ya kwanza, miezi 9: anakaa mwenyewe bila kushikiliwa? Ukimwita kutoka nyuma anageuka?

Surua ya pili, miezi 18: anatembea? Ana neno lolote? Akitaka kitu anakunyooshea kidole?

Tarehe hizi zimekubali zenyewe. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vinaonyesha karibu watoto wote hukaa bila msaada kabla ya kupita miezi 9 na siku chache, na hutembea kabla ya miezi 18 kutimia. Si kwamba asiyetembea siku hiyo ana ulemavu. Ni kwamba siku hiyo asiondoke bila mtu kumtazama. Hapo jibu la "bado" ndilo tunalolitaka, na "bado" haimtishi mtu.

Kumbuka kwa nafsi yangu: swali la kunyoosha kidole liliongezwa kwa sababu ya usonji, hali inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na watu. Mtoto mwenye usonji anaweza kukaa na kutembea kwa wakati wake kabisa, na kwa maswali ya miguu tu tungempita.

Jambo jingine zuri: surua wanayochanja sasa ni surua na rubela kwa pamoja, na rubela ikimpata mama mwanzoni mwa mimba inaweza kumzalisha mtoto kiziwi au mwenye matatizo ya moyo na macho. Nikilisema hili foleni inasikiliza, kwa sababu sindano iko mbele yao.

Wiki ya 6

Mvua. Barabara ya kwenda Mwahako haipitiki kwa baiskeli. Hakuna kilichofanyika.

Wiki ya 7

Asubuhi, pwani, maji yametoka. Bibi mwingine, mjukuu mwingine: msichana wa mwaka na miezi minane, amesimamishwa kwenye shimo la mchanga mpaka kiunoni, mchanga umeshindiliwa kuzunguka, mkononi ana gamba tupu la kaa la kuchezea. Ni tiba ya zamani, ili miguu ipate nguvu. Mwalimu wa chekechea alitaka kukimbilia kumtoa. Maalim akamshika kanzu, yaani gauni, nisameheni.

Tulipiga picha kwa ruhusa ya bibi, tukamtumia mtaalamu. Jibu lake halikuwa tulilolitarajia. Alisema kusimama ukiwa umeshikiliwa ni zoezi, wao pia huwasimamisha watoto kwenye mbao. Anachotaka kujua ni kama shingo ya mtoto imekaza, kama mgongo umenyooka, anakaa humo muda gani, jua likoje, na kama visigino vimegusa chini au amesimama kwa vidole. Visigino tulifukua tukaviona. Vimegusa.

Bibi alipoambiwa kwamba hospitali nao wana shimo lao ila ni la mbao, alicheka mpaka akajifuta macho kwa ukaya. Alikubali kumleta mtoto siku hiyo hiyo. Ningemwambia "bibi, acha ushirikina", angekubali? Kwanza si ushirikina.

Wiki ya 8

Malalamiko. Tumemwelekeza mama zahanati moja, sitaitaja. Mtoto wa miezi 19, hana neno, hageuki akiitwa. Kaambiwa: "Wavulana huchelewa kusema, nenda nyumbani." Hakuna aliyepiga hata makofi nyuma ya mtoto kuona kama anasikia. Mama alirudi kwetu akiwa na furaha, na sisi ndio tukawa wabaya kwa kumwambia arudi tena.

Tumepanga kuanzia sasa asiende mtu peke yake mara ya kwanza. Mmoja wetu anakaa naye foleni.

Wiki ya 9 na 10: kiti

Mtoto wa wiki ya 4 ameanza mazoezi, lakini nyumbani bado analishwa amelala. Nimeona kwa macho. Bibi ananyoosha miguu yake, anamlaza juu, kichwa kimeanguka nyuma, uji wa ulezi unamiminwa kwa kiganja. Mtoto anapaliwa, anakohoa, macho yanatoka machozi, anamiminiwa tena kwa sababu "akilia ndipo anameza". Mtaalamu anasema chakula kinachoingia njia ya hewa ndicho kinacholeta vichomi vya mara kwa mara. Na kweli, kadi yake imejaa vichomi.

Anatakiwa aketi, kichwa kiinamie mbele kidogo, kijiko kije kutoka mbele si kutoka juu. Aketi kwenye nini? Viti vya dukani ni bei ya baiskeli mpya. Kuna njia ya kutengeneza viti kwa maboksi na magazeti ya zamani yaliyogandishwa kwa uji mzito wa unga, tabaka juu ya tabaka, yakikauka yanakuwa magumu kama ubao. Tuliweza kukusanya maboksi ya sabuni sokoni Mgandini bure. Gundi tulipika kwa unga wa muhogo.

Vipimo alichukua fundi kwa kamba ya katani, akifunga fundo kila mahali: nyuma ya nyonga mpaka goti, goti mpaka kisigino, kiti mpaka kwapani, upana wa nyonga. Mafundo manne.

Kiti cha kwanza kilikauka kwa siku tano, kizuri, kimepakwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye mtumbwi wa mtu. Tukamkalisha mtoto. Akateleza, akateleza, mpaka kidevu kikafika mezani. Kina kilikuwa kirefu: fundi alikuwa amepima mpaka mbele ya goti. Vidole viwili tu vimezidi, lakini nyonga haikufika nyuma ya kiti, na nyonga isipofika nyuma mtoto hakai. Aidha panya walikuwa wameshakula kona moja, kwa sababu gundi ya muhogo ni chakula.

Cha pili: kina kimepunguzwa, kati ya mapaja pamewekwa kigingi kilichoviringishiwa kitambaa ili miguu isipishane, na maji yaliyochemshwa na mwarobaini yameingizwa kwenye gundi. Panya sijui, wiki mbili hazitoshi kusema. Lakini Jumatano mtoto aliketi dakika kumi na tano, akatazama watu machoni wakiwa usawa wake. Kijiko cha tatu akakifungulia mdomo kabla hakijafika. Bibi alisema, "Kumbe anajua!"

Anajua nini, bibi? Nilitaka kuuliza. Sikuuliza.

Wiki ya 11

Akina baba. Barazani hawaji, na wengine wako kwenye vibarua Chongoleani kwenye bomba la mafuta, wanarudi usiku. Tumewafuata vijiweni na soko la samaki Deep Sea. Neno linalotumika huko ni "zezeta", na halisemwi kwa ubaya hata. Linasemwa kama mtu anavyosema "mrefu". Maalim hakuwahutubia. Alinunua kahawa na kashata, akakaa, na mtu akitaja "zezeta la nyumba ile", yeye anauliza jina la mtoto. "Anaitwa nani yule?" Mara ya nne mwenye kuuza kahawa akajibu kwa jina. Hilo tu ndilo ninaloweza kuliandika kuhusu vijiwe mpaka sasa.

Mzee wa "waja leo waondoka leo" aliniuliza tumebakisha wiki ngapi. Nikamwambia tatu. Akasema "Ehee," akanywa kahawa yake.

Wiki ya 12

Hesabu. Watoto tuliowasindikiza hospitali ni kumi na tatu. Waliorudi kwa miadi ya pili ni watano. Niliandika "uzembe wa wazazi" kwenye daftari, kisha nikakata kwa wino mwekundu baada ya kupita nyumba hizo nane. Nauli. Mtoto wa miaka mitatu asiyekaza shingo huwezi kumpakata kwenye daladala iliyojaa, ni bajaji, kwenda na kurudi, kila wiki, na mama siku hiyo hakuuza kitu. Mmoja alikwenda mara ya kwanza kwa pesa ya kikoba na bado anadaiwa.

Tumekuwa tunawaamsha watu halafu tunawaacha njiani. Tumeongea na kikoba cha madada wa maandazi: mfuko wa jamii wa kikoba, ule wa misiba na ugonjwa, umekubali kuhesabu miadi ya mtoto kuwa ugonjwa. Mabishano yalichukua saa nzima, maana mtoto "haumwi". Mwekahazina ndiye aliyemaliza: "Asiyekaa mwenyewe na miaka mitatu, mnataka aumwe vipi tena?" Pia mtaalamu ameonyesha mazoezi ya kufanyia nyumbani, ili safari ziwe moja kwa mwezi kwa wanaoweza.

Wiki ya 13

Yule wa miezi 19 amepimwa masikio. Hasikii vizuri masikio yote mawili. Mama yake hajatusemesha tangu Jumatatu. Mwalimu wa chekechea ameanza kujifunza lugha ya alama kwa simu usiku, vidole vinampiga chenga.

Wiki ya 14

Ilikuwa tufunge wiki hii. Hatujafunga, na hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Jumatatu watu walifika kibarazani kama kawaida na fundi akaweka chai.

Karatasi ya manila ya maswali imelowa mvua, naandika nyingine. Viti vilivyoagizwa ni vitatu, maboksi yapo, unga hakuna. Mtoto wa wiki ya 4 kigingi kimeanza kumbana, amenenepa mapaja tangu aanze kula ameketi. Bibi ameleta kamba ya katani mwenyewe. Amepima yeye, na fundo la goti ameliweka nyuma, si mbele.